Ulimi wa Mgombea Ukiteleza: Nani Huchekwa, Nani Husamehewa

Kila msimu wa uchaguzi wa Marekani, makundi ya WhatsApp ya Waswahili hupata mgawo wake: klipu ya sekunde 15, mgombea kasimama mbele ya kipaza sauti, jina la nchi au la mtu limemponyoka, na chini yake mtu kaandika, "Huyu ndiye mnayetaka awe rais?" Haipiti nusu saa, wa upande wa pili naye analeta ya kwake. Hapo ubishi huanza. Mmoja anasema vyombo vya habari vinamwinda mgombea wake; mwenzake anasema vinamsitiri wa yule. Mara nyingi kila mmoja ana ushahidi mkononi, na ushahidi wenyewe ni wa kweli. Wanachogombania ni neno "upendeleo", ambalo ndani yake mna vitu vitatu tofauti.

Kabla ya kuvitenganisha, tuanze na kosa lenyewe.

Si kila kuteleza ni kuteleza

Wazee walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, ila ulimi nao hujikwaa kwa namna nyingi. Namna ya kwanza ni mtelezo mtupu: akili inajua, mdomo unatoa kingine. Tarehe 9 Mei 2008, Barack Obama akiwa Beaverton, Oregon, alisema amekwisha kutembelea majimbo 57 na limebaki moja. Marekani ina majimbo 50. Papo hapo akaongeza kuwa Alaska na Hawaii wasaidizi wake hawakumruhusu kwenda. Piga hesabu: 47, na moja lililobaki, na hayo mawili, jumla 50. Alikusudia arobaini na saba, mdomo ukatoa hamsini na saba.

Namna ya pili ni kutojua, au kuamini kisicho kweli na kukitetea. Ya tatu aliieleza vizuri mwandishi wa Marekani Michael Kinsley, aliyesema kuwa mwanasiasa hukosea pale anaposema ukweli, yaani ule ukweli ambao kila mtu anaujua lakini yeye hatakiwi kuutamka. Jirani na hiyo ni kauli ya faragha inayovuja. Mei 2012 Mitt Romney, aliyekuwa akishindana na Obama kwa tiketi ya Republican, aliwaambia matajiri waliomchangia huko Boca Raton, Florida, kwamba asilimia 47 ya Wamarekani wangempigia kura Obama liwalo na liwe kwa sababu wanaitegemea serikali. Alirekodiwa kwa siri, na jarida la Mother Jones likaichapisha video Septemba. Pale hakuna kilichomponyoka. Alisema alichotaka kusema, ila kikawafikia ambao hakikuwa chao.

Ya nne si kosa la msemaji hata kidogo. Ni sentensi nzima iliyopita kwenye mkasi.

Vichwa vya habari huziita zote nne "kuteleza", na hapo ndipo mkanganyiko unapoanza. Mtelezo mtupu haukuelezi lolote kuhusu sera za mtu. Kauli ya faragha yaweza kukueleza mengi. Chombo kinachozipa uzito mmoja kimekwisha kukosea hata kabla hatujauliza kinampenda nani.

Upendeleo ni upi?

Wa kwanza ndio watu wanaoufikiria: upendeleo wa chama. Stesheni inamtaka fulani ashinde, basi makosa ya mpinzani inayarudia kutwa na ya mtu wake inayapitisha kimyakimya. Upo, na kwa vipindi vya maoni vya runinga za Marekani haujifichi.

Wa pili ni upendeleo wa habari tamu. Huu hauna chama. Mgombea wa urais huhutubia mikutano kadhaa kwa siku moja kwa hotuba ileile. Waandishi wanaosafiri naye wamekwisha kuihifadhi kama kasida. Siku ya ishirini, kitu pekee kipya katika hotuba hiyo ni kosa. Halafu kuna suala la nafasi. Watafiti waliopima taarifa za habari za jioni za runinga kubwa za Marekani walikuta kwamba mwaka 1968 mgombea aliachiwa azungumze kwa sauti yake mwenyewe zaidi ya sekunde 40 kwa wastani bila kukatwa. Kufikia 1988 zilikuwa zimeshuka chini ya 10. Ndani ya sekunde tisa huwezi kueleza kodi ya mapato. Kusema majimbo ni 57 unaweza, na muda unabaki.

Wa tatu ndio mgumu kuuona, na kwa maoni yangu ndio unaofanya kazi kubwa kuliko yote: upendeleo wa picha iliyokwisha kuchorwa. Fikiria mtaani kuna kijana anayesifika kwa ulevi. Akijikwaa kwenye jiwe, watu watasema kalewa tena. Mwalimu mkuu akijikwaa kwenye jiwe hilohilo, ataambiwa pole mwalimu, barabara hii mbovu kweli. Hakuna aliyesema uongo: wote wawili wamejikwaa. Tofauti ni sababu waliyopewa.

Wanasiasa huchorewa picha hizo mapema sana. Dan Quayle, makamu wa rais wa George H. W. Bush, alichorwa kama mtu asiye na kichwa. Tarehe 15 Juni 1992, katika shule ya msingi ya Trenton, New Jersey, alimwambia mwanafunzi aliyeandika neno la Kiingereza la "kiazi" kwa usahihi aongeze herufi "e" mwishoni. Kilichosahaulika ni kwamba kadi aliyopewa na shule, ambayo ndiyo aliyoitegemea, ilikuwa na kosa hilohilo. Bila shaka mtu mzima angepaswa kuligundua. Lakini bosi wake, tarehe 7 Septemba 1988 akiwa mgombea, aliwaambia maveterani mjini Louisville kwamba siku ile ilikuwa kumbukumbu ya shambulio la Pearl Harbor lililoiingiza Marekani katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, ambalo lilitokea tarehe 7 Desemba. Alikosea kwa miezi mitatu kamili, tena mwenyewe alikuwa rubani katika vita vile. Watu walicheka siku mbili tatu, wakaacha. Picha ya Bush ilikuwa ya mtu mzoefu, na kosa hilo halikupata pa kukaa.

Mizani ya 2008

Uchaguzi wa 2008 unafaa kupimia kwa sababu makosa yalikuja kwa jozi. Wafuasi wa chama cha Republican walilalamika hivi: kama mgombea wao John McCain, mwenye umri wa miaka 71, ndiye angesema majimbo 57, tungeambiwa uzee umempanda kichwani, Obama kasema, tukaambiwa kachoka na safari. Lalamiko hilo lina uzito. McCain alipotaja "mpaka wa Iraq na Pakistan", nchi mbili ambazo hazipakani popote, na alipoiita Jamhuri ya Czech kwa jina la Czechoslovakia, nchi iliyogawanyika mwaka 1993, maelezo yaliyokuja haraka yalikuwa ya umri.

Ila mizani haitaki jiwe moja tu. Machi mwaka huohuo, akiwa Amman, Jordan, McCain alisema Iran, nchi ya Kishia, ilikuwa ikiwafunza wapiganaji wa al-Qaeda, ambao ni Wasunni na mahasimu wake, mpaka Seneta Joe Lieberman aliyesimama karibu alipomnong'oneza naye akajisahihisha. Kauli hiyo hakuitoa mara moja tu. Kosa linalorudiwa haliitwi mtelezo tena. Isitoshe, McCain alikuwa akijinadi kwa ujuzi wa mambo ya nje, na muuza samaki akikosea bei ya samaki si sawa na akikosea bei ya mabati. Kwa hiyo jozi zote hazilingani, hata pale zinapofanana kwa juu.

Jozi nyingine ya mwaka ule ni ya wagombea wenza. Septemba, akihojiwa na Katie Couric wa runinga ya CBS, Joe Biden, mgombea mwenza wa Obama, alisema soko la hisa lilipoporomoka, Franklin Roosevelt alitokea kwenye runinga kuwaeleza wananchi. Soko liliporomoka 1929. Rais alikuwa Herbert Hoover, na runinga haikuwa kitu cha majumbani. Siku hizohizo mwandishi huyohuyo alimhoji Sarah Palin, gavana wa Alaska na mgombea mwenza wa McCain, akamuuliza anasoma magazeti gani, na Palin hakutaja hata moja. Jibu la Palin liligeuka kichekesho cha taifa. La Biden likapita kwa "ah, Biden huyo". Je, ni upendeleo? Kwa sehemu, ndiyo. Biden alikuwa seneta tangu 1973 na picha yake ya mzee wa maneno mengi ilimkinga. Kwa sehemu, hapana: Palin aliulizwa tena na tena akashindwa, na taifa lilikuwa halijamjua.

Palin huyo ndiye mfano bora wa madhara ya picha. Muulize yeyote, atakwambia Palin alisema anaiona Urusi kutoka nyumbani kwake. Hakusema. Maneno hayo ni ya mchekeshaji Tina Fey, aliyemwigiza kwenye runinga tarehe 13 Septemba 2008. Palin mwenyewe alisema kuna kisiwa cha Alaska ambako unaweza kuiona ardhi ya Urusi, na ni kweli: kisiwa cha Little Diomede kiko kilomita zipatazo nne kutoka Big Diomede cha Urusi. Hoja kwamba jirani huyo alimpa ujuzi wa diplomasia ilikuwa dhaifu, lakini watu hawakumbuki hoja. Wanakumbuka mzaha.

Upande wa Obama nao ulipata uzushi wake: kwamba 57 ni idadi ya nchi wanachama wa Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu, eti ulimi ulimsaliti. Hesabu ya 47 tuliyoifanya pale juu yatosha kuuzima, kama mtu anataka uzimwe.

Mkasi na kipaza sauti

Januari 2012, huko Nashua, New Hampshire, Romney alisema anapenda kuweza kuwafukuza watu wanaomhudumia. Alikuwa akizungumzia kampuni za bima ya afya: isipokuhudumia vizuri, uiache uende kwingine. Wapinzani wakakata mkia wa sentensi, ikabaki "napenda kuweza kufukuza watu", nayo ikakaa sawasawa kwenye picha ya bwana mkubwa mpunguza wafanyakazi. Julai mwaka huohuo ikawa zamu ya Obama. Mjini Roanoke, Virginia, alizungumzia barabara na madaraja yaliyojengwa kwa fedha za umma, kisha akasema mwenye biashara "hakujenga hiyo". Chama cha Republican kilishika kwamba "hiyo" ni biashara, kikaigeuza kuwa kaulimbiu ya mkutano wake mkuu wa Tampa.

Kwa Kiswahili ugomvi huo usingekuwapo. Ngeli ingeamua: biashara "hukuijenga", barabara na madaraja "hukuvijenga". Kiingereza hakina kiambishi cha kumuumbua mtu. Maana yake, mfasiri wa Kiswahili aliyeketi kwenye chumba cha habari alilazimika kuchagua upande, atake asitake, na msikilizaji hakujua kuwa kuna uchaguzi uliofanyika.

Hilo lilijirudia kwa ukali zaidi tarehe 29 Oktoba 2024. Siku mbili nyuma, mchekeshaji katika mkutano wa Donald Trump jijini New York alikuwa ameiita Puerto Rico kisiwa cha takataka kinachoelea. Biden alipomjibu alitamka sentensi ambayo kwa masikio ina maana mbili: takataka pekee anazoziona zikielea ni wafuasi wa Trump, au ni maneno ya huyo mfuasi wake. Tofauti kwenye maandishi ya Kiingereza ni kialama kimoja kidogo juu ya mstari kabla ya "s". Ikulu ikakiweka kialama hicho. Shirika la habari la AP likaripoti kuwa wanukuzi rasmi wa Ikulu walikuwa wameandika vingine na hawakuridhika. Kesho yake Trump alipanda lori la taka huko Green Bay, Wisconsin, mbele ya kamera. Kwa Kiswahili, "ni wafuasi wake" na "ni za mfuasi wake" haviwezi kuchanganyika. Njia ya haki kwa mfasiri ni kuzitoa zote mbili na kusema kauli inabishaniwa.

Mashine pia inaweza kupendelea bila kukusudia. Usiku wa 19 Januari 2004, Howard Dean, aliyekuwa akiwania tiketi ya urais ya chama cha Democratic, baada ya kushindwa katika kura ya mchujo ya Iowa, aliwahutubia wafuasi wake akitaja majimbo yanayofuata, akamaliza kwa ukelele. Ukumbini kelele zilikuwa kubwa mno na wengi waliokuwapo hawakuona ajabu. Lakini kipaza sauti alichoshika kilikuwa cha aina inayonasa sauti iliyo karibu na kinywa na kuzifuta za pembeni, na runinga zilichukua sauti moja kwa moja kutoka humo. Nyumbani watazamaji wakasikia mtu anapiga mayowe peke yake kwenye ukimya. Ukitaka kuelewa, rekodi mtu anayeshangilia uwanjani Simba na Yanga zinapocheza, kisha ufute mashabiki wote ubaki naye yeye tu. Stesheni za kitaifa ziliirudia klipu ile zaidi ya mara 600 ndani ya siku nne.

Wakati mwingine kosa lenyewe huzaliwa kwenye urudiaji. Katika mdahalo wa 6 Oktoba 1976, Rais Gerald Ford alisema Ulaya Mashariki haiko chini ya himaya ya Wasovieti. Mwandishi Max Frankel, aliyeshangaa, alimpa nafasi ya kurekebisha, Ford akaikazia. Waliohojiwa usiku uleule na watafiti wa kura za maoni hawakuona ajali kubwa, na wengi walimpa ushindi Ford. Kesho yake, baada ya siku nzima ya taarifa za habari kuizungumzia kauli hiyo, walioulizwa walimpa mpinzani wake, Jimmy Carter. Mdahalo ulikuwa mmoja.

2024, pande zote mbili zilipokuwa sahihi

Tarehe 19 Januari 2024, mjini Concord, New Hampshire, Trump alimtaja Nikki Haley, mpinzani wake ndani ya chama, mara kadhaa akimaanisha Nancy Pelosi, spika wa zamani wa bunge kutoka chama cha Democratic. Tarehe 8 Februari, Biden alimwita Rais Sisi wa Misri rais wa Mexico. Kwa aina, ni kosa moja. La Biden lilivuma zaidi, na sababu yake yaonekana: lilitokea saa chache baada ya ripoti ya mwendesha mashtaka Robert Hur kumweleza kama mzee mwenye kumbukumbu dhaifu, tena kwenye mkutano alioitisha kuikanusha.

Wademokrati wakalalamika kwamba hotuba za Trump hupigwa pasi: anazungumza saa moja na nusu akirukaruka, mwandishi anaondoka na sentensi moja iliyonyooka, na msomaji hajui hotuba ilikuwa na mikunjo kiasi gani. Warepublican wakalalamika kwamba udhaifu wa Biden ulifunikwa mpaka mdahalo wa Atlanta wa 27 Juni ulipofunua yote. Julai 21 alijiondoa. Siyaoni malalamiko haya kuwa yanapingana. Kunyoosha kauli za mmoja na kuchelewa kumsema mwingine vinaweza kufanywa na chumba kimoja cha habari, kwa uvivu uleule wa kufuata picha ya jana.

Jinsi ya kupima mwenyewe

Tafuta kwanza klipu ndefu: dakika mbili kabla ya kosa na mbili baada yake. Mtandao wa C-SPAN huonyesha mikutano mizima bila kuikata. Machi 2020 ilisambaa klipu ya Biden akisema "tunachoweza ni kumchagua tena Donald Trump tu". Sentensi ilikuwa na mkia uliosema "iwapo tutajiingiza kwenye kupigana wenyewe kwa wenyewe". Kiingereza huruhusu sharti kuja nyuma, na hapo ndipo mkasi hupita. Basi ukiona sentensi imeishia pasipo pumzi, shuku.

Sikiliza kasi. Mei 2019 video ya Nancy Pelosi ilipunguzwa mwendo hadi takriban asilimia 75 ili aonekane mlevi. Katika video ya namna hiyo, angalia mikono na kope: zikisogea kizembe kama zimo ndani ya maji, mwendo umeguswa. Angalia tarehe pia, kwa kuwa klipu za zamani hufufuliwa kila msimu.

Kisha soma kitenzi. "Amekosea jina", "amebabaika", "amepayuka", "amekiri" na "amedai" vyaweza kuhusu sekunde zilezile tatu, na "amekiri" tayari imekutolea hukumu. Badilisha majina kichwani: kosa hili angelifanya yule unayempenda, ungelitakia kitenzi gani? Mwisho hesabu. Chukua chombo kimoja, wiki mbili, makosa ya aina moja ya wagombea wawili. Andika mara zilizotajwa na sababu zilizotolewa. Mfano mmoja hauthibitishi upendeleo. Kumi ya upande mmoja yaanza kusema kitu.

Na kura je?

Hapa ndipo penye imani potofu kubwa kuliko zote, kwamba kosa moja huangusha mgombea. Wanasayansi wa siasa John Sides na Lynn Vavreck, waliofuatilia kura za maoni za 2012, hawakuona kauli ya asilimia 47 ikibadilisha mbio zile kwa kiasi kilicholingana na kelele zake. Dean alipopiga ukelele alikuwa amekwisha kushika nafasi ya tatu Iowa kwa asilimia 18, nyuma ya John Kerry aliyepata 38. Wapo walioumia kweli: Seneta George Allen alimwita kijana mwenye asili ya India, aliyetumwa na wapinzani kumrekodi, kwa neno "macaca", linalofanana na jina la aina ya kima na kuchukuliwa kuwa tusi la ubaguzi, mnamo Agosti 2006, na akaupoteza useneta wa Virginia kwa kura zisizofika 10,000. Katika mbio za karibu kiasi hicho, karibu kila kitu chaweza kuwa sababu.

Rick Perry, gavana wa Texas aliyewania tiketi ya urais ya Republican, aliahidi kwenye mdahalo wa 9 Novemba 2011 kuzifuta wizara tatu. Alizitaja mbili, Biashara na Elimu, ya tatu ikamtoka kabisa. Akahangaika karibu dakika nzima, akaishia kuomba radhi kwa neno moja. Wengi husema usiku ule ndio uliomzika, ingawa alikuwa ameporomoka tangu midahalo ya Septemba. Wizara iliyomtoka ilikuwa ya Nishati. Machi 2017 aliapishwa kuwa waziri wake.